Kwa Vespa Hadi Kizimkazi Dimbani

Allah (s.w) anatukumbusha katika Suratun-Nahl kwamba ametuumbia farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo, kisha anatanabahisha kwamba huumba na vingine tusivyovijua. Watu wa zama zetu wakifika hapo hutaja motokaa, treni na ndege. Sisi wakaazi wa Unguja, kwa haki ya ujirani wa muda mrefu, tungependa na vespa ikumbukwe.

Chombo hiki kilizaliwa Italia mwaka 1946, muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, katika kiwanda cha Piaggio kilichopo Pontedera. Mbunifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki: aliziona chafu, ngumu kuzipanda, na zenye kumtaabisha mtu pindi tairi linapotoboka. Kwa hiyo akaunda chombo ambacho injini yake imefichwa chini ya bati, kisicho na mnyororo wa kurusha grisi, chenye ngao mbele ya magoti na ubao bapa wa kuwekea miguu, na ambacho tairi lake hufunguliwa kwa upande mmoja kama la gari. Kikaitwa Vespa, yaani nyigu kwa Kiitaliano. Katika miaka ya 1960 Bajaj wa India nao walikuwa wakiziunda kwa leseni.

D'Ascanio hakuikusudia kanzu. Lakini lau watu wa Unguja wangalimwendea wakamwomba amuundie imamu chombo cha kwendea msikitini, asingalihitaji kubadilisha kitu. Mwenye kanzu hapandishi mguu juu ya tangi. Hupita mbele ya kiti, akakaa kama anayekaa barazani, na nguo yake ikabaki na tohara yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi walimu, makarani, wenye maduka na masheikh wa mji wetu walionekana juu ya vespa. Wengi katika wasomaji wetu wamepelekwa chuoni namna hiyo: mtoto amesimama mbele baina ya mikono ya baba, mama amekaa upande kule nyuma, buibui lake amelikusanya mkononi. Leo hatumshauri mzazi yeyote kumbeba mtoto kwa namna ile, kwani magari ni mengi na mwendo ni mkali. Kumbukumbu yake, hata hivyo, ni tamu.

Kwa wasioijua, vespa ya zamani ina injini ya mipigo miwili. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, kazi yote imekwisha: imevuta mafuta, imekandamiza, imelipua, imetoa moshi. Kwa sababu hiyo injini ni nyepesi na ina vipuri vichache, na fundi mwenye spana nne anaweza kuifungua chini ya mwembe. Lakini ina sharti moja. Oili ya kulainisha pistoni haikai peke yake chini ya injini kama katika pikipiki nyingi za leo. Huchanganywa na petroli yenyewe, ikalainisha huku ikiungua. Vespa nyingi zinataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Ikipungua, pistoni inakauka, inashika moto, na injini inanoki njiani. Ikizidi, plagi inaingia masizi, na moshi mweupe unafuata nyuma mithili ya chetezo.

Moshi huo ndio uliotufanya sisi na wenzetu tujiwekee masharti kabla ya kuanza safari zetu. Mtume (s.a.w) ameifundisha jamii ya Waislamu kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kuwaondolea wapitao maudhi. Mtu hawezi kusimama darsani akaieleza hadithi hiyo, kisha asubuhi yake akapita kijijini akiwafukizia watu moshi na kuwaamsha wagonjwa kwa mlio. Basi tumekubaliana: oili ipimwe kwa chupa yenye alama, si kwa jicho, bomba la moshi lisitobolewe kwa ajili ya kuongeza sauti, kama wafanyavyo baadhi ya vijana, na tukikaribia msikiti au nyumba yenye msiba, tunazima injini na kuzisukuma vespa kwa miguu. Kofia ngumu ni lazima kwa kila mmoja. Kofia zetu za viua hukaa katika kisanduku cha mbele, pamoja na plagi ya akiba na kitambaa, hadi tutakapofika.

Sisi ni marafiki watano wenye vespa nne, tuliokutanishwa na safu moja ya msikiti. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili, siku ya Jumamosi, hutoka mjini kwenda shamba kwa njia za ndani. Humchagua mmoja kuwa amiri, kwa kufuata mafunzo ya Mtume (s.a.w) kwa wasafiri wanapofika watatu. Amiri wetu haongozi mbele. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimhimiza mnyonge na kumpakia asiye na kipando. Kwa hiyo mbele tunamweka mwenye vespa dhaifu kuliko zote, na nyuma kabisa anakuja fundi, mzee wetu aliyekwisha kupita miaka 60, ambaye husikia ugonjwa wa injini kabla mwenyewe hajauhisi.

Safari tunayoisimulia hapa, ya kwenda Kizimkazi Dimbani, ilikuwa na sababu iliyozidi matembezi.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa skuli, alifiwa na baba yake miaka sita iliyopita. Mama alikwisha kutangulia. Marehemu aliacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Nyumba iligawiwa kisheria: nusu kwa ndugu wa kiume na robo kwa kila dada. Shamba dogo nalo liliuzwa na fedha zake zikagawiwa vivyo hivyo. Kilichobaki ni vespa ya mzee, rangi ya kijani, iliyofunikwa turubali nyuma ya banda la kuku, imeshika kutu na tairi zimekaa chini. Hakuna aliyeiona kuwa ni mali. Miaka miwili iliyopita kaka aliitoa, akaipeleka kwa fundi, akanunua pistoni, ringi, waya za gia na tairi, akaipaka rangi upya, akaanza kuiendesha. Hakuna aliyemuuliza, naye hakumuuliza mtu.

Kisha msikitini kwetu likaja darsa la mirathi. Sheikh alieleza utaratibu: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote, kiwe kikubwa au kidogo, hata kamba na sindano. Siku ya pili mwenzetu alikuja kusali kwa miguu. Siku ya tatu pia. Tulipomuuliza kama vespa imeharibika, alijibu: "Haijaharibika. Sijui ni ya nani."

Tulikwenda naye kwa sheikh. Sheikh hakurefusha maneno. Alisema chombo kitiwe bei na mjuzi, dada waambiwe ukweli wote, na watakalokubaliana kwa kuridhiana ndilo litakalokuwa. Aliongeza tahadhari moja, ambayo tunaomba kila kaka na kila mjomba aisikie: mwanamke anayesema "nimesamehe" kwa kuona haya, au kwa kuogopa kukosa pa kurudia siku akiachwa, huyo hajasamehe. Mali ya mtu haiwi halali kwa mwengine ila kwa utulivu wa nafsi yake.

Fundi alitia bei mbili na kuziandika. Ya kwanza ilikuwa bei ya vespa kama alivyoipokea, imeshika kutu: shilingi 800,000. Ya pili ilikuwa bei yake ya leo baada ya matengenezo: shilingi 1,600,000. Dada mdogo, anayeishi Masqat, alijibu kwa simu kwamba robo yake ipelekwe katika chuo alichosomea utotoni, iwe sadaka kwa ajili ya baba. Dada mkubwa, aliyeolewa Dimbani, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema maneno mawili tu: "Njoo nayo."

Basi tulitoka Jumamosi baada ya Alfajiri, jua halijachomoza. Mwenzetu alikuwa na bahasha ndani ya koti, yenye robo ya bei ya pili, shilingi 400,000. Alisema anachelea shubha, na afadhali azidishe kuliko apunguze.

Kabla hatujafika Fuoni mmoja wetu alikwisha kuuliza kama tutapunguza sala tukifika Dimbani. Swali lilikuwa zuri, na lilijibiwa tuliposimama kununua maandazi. Kutoka mjini hadi Kizimkazi ni takriban kilomita 50, na umbali wa kupunguza sala katika madhehebu yetu ya Shafii ni mwendo wa marhala mbili, unaokadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Kisiwa chetu chote kina urefu wa kilomita 85 hivi. Fundi akacheka: "Kwa hiyo mtu wa Unguja hapati ruhusa ya msafiri mpaka aoneshe tiketi ya boti."

Kutoka Fuoni barabara inakwenda Tunguu, penye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kutoka hapo mji unakuachia. Minazi na migomba inasimama pande zote mbili, na harufu ya moshi wa kuni inapita barabarani. Ukikaribia Bungi unaingia katika miembe mikongwe iliyopandwa kwa safu kandokando ya njia, matawi yake yamekutana juu. Watu huiita miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said bin Sultan, ambaye magofu ya nyumba yake yapo upande wa pwani, si mbali na hapo. Mwenye gari hupita kivuli kile kwa nusu dakika asijue. Mwenye vespa ya zamani, anayekwenda kilomita 40 kwa saa, anahisi baridi yake shingoni, anamwona bibi anayefagia majani, na anapata nafasi ya kumtolea salamu na kuitikiwa.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chombo cha polepole. Adabu nyingi za njia zimejengwa juu ya mwendo wa mtu na mnyama: kusalimia, kumwelekeza aliyepotea, kumsaidia aliyebeba mzigo. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, salamu haitoki. Sisi siku hiyo tulisalimiana na wachukuzi wa kuni, wavuvi waliokuwa wakirudi na ndoo zao, na watoto waliokuwa wakienda chuoni wamekumbatia misahafu. Mzee mmoja mwenye baskeli alitusimamisha kwa ajili ya kuitazama ile vespa ya kijani. Alisema na yeye alikuwa nayo, na akataja bei aliyoiuzia kwa huzuni ya mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa.

Baada ya hapo tuliiacha lami na kufuata njia za ndani za vijiji. Ardhi inabadilika haraka. Udongo mwekundu wa upande wa mji unakwisha, na mahali pake panakuja uwanda wa mawe ya matumbawe, vichaka vya miiba, na hapa na pale tanuu la chokaa. Tairi dogo la vespa halipendi mawe. Inabidi mtu asome njia kama anavyosoma mstari, asiruke herufi. Katika njia hiyo, karibu na Kikungwi, vespa ya kijani ilianza kukohoa, ikatoa moshi mwingi, ikazima.

Fundi alishuka, akaifunga koki ya mafuta, akafungua bati la pembeni, akaichomoa plagi. Ilikuwa nyeusi na imelowa oili. Alimtazama mwenzetu, akamuuliza: "Umetia kiasi gani?" Mwenzetu alikiri kwamba ametia mara mbili ya kipimo. Safari ni ndefu, alisema, na hii ni vespa ya baba, alitaka kuilinda.

"Mwanangu," fundi akamwambia, "oili haijui kwamba unampenda baba yako. Ina kipimo chake. Ikipungua inaua, ikizidi inachafua."

Akaisugua plagi kwa brashi ya waya, akaikausha kwa njiti ya kiberiti, akaongeza petroli tupu kutoka katika dumu letu ili mchanganyiko urudi mahali pake. Kiki mbili, ya tatu ikawaka. Tulikuwa tumesimama kwa nusu saa, na katika nusu saa hiyo kijana mmoja wa kijijini alikwisha kutuletea maji na madafu manne, akakataa kupokea malipo. Tunamwombea Allah amlipe.

Tulirudi barabarani. Upande wa kulia kuna njia ya kwenda Unguja Ukuu, mji wa kale uliokuwa ukifanya biashara na nchi za ng'ambo tangu karne ya 7, ingawa leo mpita njia anaona kijiji kitulivu na mikoko. Mbele yake ni msitu wa Jozani, wenye kima punju ambao, porini, hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar. Pale barabarani yamewekwa matuta maalumu kwa sababu kima hao walikuwa wakigongwa na magari wanapovuka. Tulipita tumefunga mikono ya mafuta, injini zinanong'ona. Kima watatu walikuwa juu ya tawi wakitutazama bila ya kujali. Tuliona ni jambo la kutia moyo kwamba dereva analazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kudai haki yake mahakamani.

Kitogani barabara inagawika: wengine wanakwenda Paje na pwani ya mashariki, sisi tukashika njia ya kusini kupitia Muyuni. Upepo wa bahari ulitupokea kabla ya bahari yenyewe. Saa sita kasorobo tulikuwa Dimbani, mavazi yamejaa vumbi, na tulizima injini mbali na msikiti.

Msikiti wa Dimbani kwa nje ni jengo la kawaida, kiasi kwamba mgeni anaweza kuupita akidhani ni ghala. Ndani ndimo mlimo na hazina. Penye mihrabu kuna maandishi ya khati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo inatokana na ujenzi wa karne ya 18, lakini waliojenga upya waliyahifadhi maandishi ya waliotangulia. Unahesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya Afrika Mashariki, na bado unasaliwa. Tulisali Adhuhuri rakaa nne kamili, safu moja na wavuvi wa pale, chini ya herufi ambazo wasomaji wake wa kwanza walizisoma zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Nyumba ya dada haikuwa mbali. Alikuwa barazani anasuka ukili, na aliposikia mlio alisimama kabla hatujaonekana. Baada ya salamu na kuulizana hali hakutukaribisha ndani mara moja. Aliizunguka vespa. Aliugusa usukani, akakigusa kiti, kisha akainama akatazama upande wa ndani wa ile ngao ya mbele, pale ambapo mtoto husimama.

"Mmeipaka rangi," alisema.

"Ilikuwa na kutu, dada," kaka yake akajibu.

"Alifu yangu iko wapi?"

Hakuna aliyeelewa. Akatueleza kwamba alipoanza chuo, baba akimpeleka kila asubuhi, siku moja alichukua msumari na kuichora alifu katika rangi, pale mbele ya macho yake, ili asiisahau. Baba aligomba, lakini hakuifuta. Kila alipokuja Unguja mjini baada ya kuolewa aliinua turubali kule nyuma ya banda, akaitazama, akalishusha.

Mwenzetu alikaa kimya. Kisha akatoa bahasha, akampa kwa mikono miwili. "Dada, hii ni robo yako."

Akazihesabu fedha, mbele yetu, bila ya haraka. "Nani kaitia bei?"

"Mimi, mwanangu," fundi akasema, akamwonesha karatasi yenye bei mbili.

Aliisoma. Akatoa shilingi 200,000, akazirudisha mikononi mwa kaka yake. "Aliyoiacha baba ni ile yenye kutu. Robo yangu ni ya ile. Hii nyengine ni jasho lako na la fundi, mimi silili."

Mwenzetu akamsihi azipokee zote. Akakataa. "Ukitaka kunipa zawadi, nipe siku nyengine, na uiite zawadi. Leo umekuja kwa haki."

Ndipo kaka akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu ile alifu. Dada alinyamaza kidogo. "Hiyo haina bei, na sikudai," alisema. "Lakini ungaliniuliza, ningalikwambia pale pasipakwe. Mmesali hapo msikitini? Waliojenga upya waliyaacha maandishi."

Fundi alisema kwamba huenda mchoro ungali chini ya rangi mpya, kwani msumari ulikata hadi kwenye bati, na kwamba angeweza kujaribu kukwangua kwa uangalifu. Dada alifikiri. "Iacheni kwanza," alijibu. "Msije mkaikwangua na yenyewe. Nitawaambieni."

Kisha akatukaribisha. Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na mume wake, aliyerudi kutoka baharini, akawa shahidi mmoja, na fundi shahidi wa pili, katika karatasi tuliyoiandika pale pale jamvini: kwamba warithi wote wamepata haki zao kutokana na vespa ya marehemu, na kwamba kuanzia siku ile ni mali ya ndugu yao. Kadi ya chombo ilikuwa ingali na jina la baba, na bila ya karatasi hiyo jina lisingeweza kubadilishwa kwa njia iliyo safi. Katika kazi yetu ya ukatibu wa kamati ya msikiti tumejifunza kwamba wino mchache wa leo huzuia ugomvi mkubwa wa kesho. Wajukuu hawatajua nani alisema nini barazani Dimbani, lakini watajua kusoma.

Tuliondoka baada ya Alasiri. Mwenzetu aliipiga kiki mara moja, ikawaka, na dada yake akasimama njiani mpaka tulipopinda.

Ndugu msomaji, tumeisimulia safari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwahimiza vijana wetu wenye vyombo vya zamani wavitunze na kuviendesha kwa adabu: kipimo sahihi cha oili, kofia ngumu kichwani, utulivu wanapopita kwa watu, na kumsubiri aliye nyuma. Matembezi ya halali na marafiki wema ni pumziko la nafsi, na kisiwa chetu kina njia nyingi ambazo wengi wetu hatujazipita hata mara moja.

Ya pili ni nzito zaidi. Mbele ya kamati zetu za misikiti huletwa mizozo ya nyumba, mashamba na mikarafuu, kwa kuwa hiyo ndiyo watu wanayoiita mirathi. Lakini katika nyumba nyingi kipo kitu kimesimama kimya ambacho hakikugawiwa: cherehani ya mama inayotumiwa na mkwe, baskeli ya baba, dau lililovutwa juu ufukweni, nyavu, kabati, sanduku la njumu, pengine vespa chini ya turubali. Aliyekichukua mara nyingi hakukusudia dhulma. Alikiona kimekaa bure tu. Hata hivyo wapo wenye haki ndani yake ambao hawajasema, na baadhi yao hawatasema kamwe.

Tunawaombeni wiki hii, kabla ya Ijumaa, kila familia iliyofiwa ikae na kuuliza: Ni kipi hatukukigawa? Kiandikwe, kitiwe bei, na waulizwe wote, walio karibu na walio Masqat, Dar es Salaam au kwengineko. Aulizwe na dada kabla ya kukipaka rangi.

Tunamwomba Allah (s.w) awarehemu wazee wetu waliotubeba mbele ya viti vyao, azitie nuru kaburi zao, na atujaalie kuzitekeleza haki tungali hai. Wabillahi tawfiq.